Picha Anapiga Mwanamke, Anazirekebisha Nani?

Mpendwa Mama Bernadeta,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla ya yote naomba ubadilishe majina yetu pamoja na mitaa, kwa sababu jambo lenyewe linahusu wanawake wengi ambao hawajui kama ninaandika, na barua hii nimeshaichana mara mbili nikiona nimesema mengi mno.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, ni karani wa masjala katika ofisi moja ya umma huku Temeke, kazi yangu ni mafaili, likiingia naandika, likitoka naandika limekwenda kwa nani na saa ngapi, na wenzangu wananitania kwamba hata chai nikinywa naisajili. Natarajia kuolewa na kijana anayeitwa Muntasir, zimebaki siku kumi na sita. Sisi ni Waislamu wa asili ya Kiarabu, baba yangu Mzee Zahor ni mfanyabiashara wa vitambaa, na kwetu kabla ya ndoa kunakuwa na sherehe ya hina, ya wanawake watupu, inaanza alasiri baada ya swala, watu wanavua mabuibui, nywele zinakuwa wazi, mtu anavaa anavyopenda na anacheza anavyojua, kwa sababu mwanamume hapiti hata mlangoni.

Sherehe hiyo kwetu haijapigwa picha kwa miaka saba. Sababu ni binamu yangu, alipigwa picha kwa simu katika hina ya mtu mwingine, picha ikatoka kwenye kundi moja la WhatsApp ikaingia kwenye jingine, na siku ya tatu mume wake akaonyeshwa mke wake mwenyewe na mteja dukani, mteja ambaye wala hakujua yule ni mke wa nani. Ndoa haikuvunjika, lakini binamu yangu hajakanyaga sherehe yoyote tangu siku ile. Basi tangu hapo kwenye kila hina ya ukoo wetu mama yangu anasimama mlangoni na kapu la ukili, simu zote zinaingia humo, hata mama mkwe haachwi.

Dada yangu aliolewa miaka minne iliyopita kwa utaratibu huo huo wa kapu, na siku ile bibi yetu, mama yake mama, alisimama akacheza, mtu wa miaka themanini na moja, nywele zake nyekundu kwa hina, kila mtu alilia kwa kucheka. Bibi alifariki mwaka jana. Tulipotafuta picha yake tukapata ile ya kitambulisho tu, ameikodolea macho kamera kama mtu anayesomewa mashtaka. Hapo ndipo nilipojiambia kwamba kwenye hina yangu lazima picha zipigwe, kwa sababu mama naye sasa ana miaka sitini na miwili na magoti yanamsumbua, na sitaki siku moja nibaki na picha yake ya kitambulisho.

Kumshawishi mama kulinichukua miezi mitatu. Alikubali kwa sharti moja, kwamba mpigapicha awe mwanamke na nimtafute mimi mwenyewe na niwe mdhamini wake. Nikaenda kuwaona watatu. Wa kwanza, wa Mwenge, kazi zake zilikuwa nzuri sana lakini ni mwanamume, akaniambia atamleta dada yake asimame karibu, nikamshukuru nikaondoka. Wa pili ni dada mmoja wa Kinondoni, huyu hata kabla sijakaa alinifungulia simu akanionyesha hina za watu, maharusi wanne, mashangazi zao, mmoja ananyonyesha, nikajiambia kama ananionyesha hawa leo, kesho atawaonyesha wengine mimi. Wa tatu ni Munira, wa Kinyerezi. Huyu nilipomwomba sampuli alinionyesha mikono yenye hina, vitambaa, sahani za halua, visigino vya watu wanaocheza, basi. Nikamwomba nione na sura. Akasema, "Za wanawake sikuonyeshi, mdogo wangu. Hizo ni za watu." Mama Bernadeta, sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nimchague.

Na bado sikuridhika, nikaandika masharti, kurasa mbili, vipengele kumi na moja, kwamba atakayepiga ni yeye mwenyewe na si msaidizi, kwamba hataweka picha mtandaoni, kwamba hatazitumia kama sampuli, kwamba albamu itakuwa moja tu na itakabidhiwa mkononi kwa mama, akasoma zote akasaini bila kubisha. Mama aliniuliza, "Una hakika, Nunu?" Nikamjibu, "Mama, nimeandikisha." Akacheka, akaikunja ile karatasi akaiweka pamoja na hati ya nyumba, na jioni ile ile akaanza kuwapigia simu wanawake wa ukoo mmoja mmoja, nikimsikia kutoka chumbani, "Njooni mpendeze, picha anapiga mwanamke, mwanangu amesimamia mwenyewe."

Alhamisi iliyopita nikitoka kazini nilimpelekea Munira orodha ya watu ninaotaka asiwakose. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la dawa. Yeye hakuwepo. Kwenye kompyuta alikaa mume wake, Ismail, mtu mpole wa miaka thelathini na kitu, nilishawahi kumwona akibeba taa na vifaa, na kwenye kioo mbele yake kulikuwa na shingo ya mwanamke, kubwa kama mlango, naye anaifuta kidoa. Kisha akarudisha picha nyuma ikaonekana yote, na yule mwanamke alikuwa Khulud wa Ubungo, ambaye mama yake na mama yangu wamesoma madrasa pamoja, ameolewa mwezi uliopita. Nywele zake ziko wazi mpaka kiunoni, mabega wazi, na nyuma yake wamekaa wanawake ambao mimi nikikutana nao huwa naona macho tu.

Ismail akavua vipokea sauti vya masikioni. "Karibu dada. Munira katoka kidogo. Wewe si ndio wa mwisho wa mwezi?"

Nikasema ndio.

"Zako usiwe na wasi, nitazituliza. Hizi mwanga ulinisumbua."

Nikamuuliza kama yeye ndiye anayezirekebisha zote.

"Zote. Yeye anapiga, mie naediti. Munira na kompyuta hawapatani kabisa." Nafikiri aliniona uso, kwa sababu akaongeza taratibu, "Mie nimeshazoea dada. Naona rangi tu, watu siwaoni."

Nikaiweka orodha mezani, nikasema asante, nikashuka. Niliposhika kitasa cha geti la nyumbani ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimemshukuru.

Kesho yake nilimpigia Munira simu. Hakukasirika. Alisema, "Uliniuliza nani anapiga, nikakwambia mimi. Nilikudanganya?" Nikasema hapana. Nikamuuliza kama wale wengine wanajua. Akasema, "Hawajauliza." Halafu akaniambia kwamba kila studio iko hivyo, niende nikaulize kokote, na kwamba mume wake ni mtu wa heshima na swala tano, na akamalizia, "Usimwambie mama yako, mdogo wangu. Utavuruga watu bure kwa kitu ambacho hakijamdhuru mtu."

Nimemweleza Muntasir peke yake. Yeye anasema ninyamaze, ataziona mmoja tu, bora mmoja kuliko wote, na kwamba mimi nina tabia ya kutafuta kosa mpaka nilipate. Labda ni kweli. Lakini tangu Alhamisi sili vizuri, kila mama akishika simu kumwalika mtu naingia chooni nisisikie. Nikimwambia, najua jibu, atasema alijua tangu mwanzo, kapu litarudi mlangoni na picha hakuna, na mimi niliyesimama mbele ya mashangazi kama mdhamini nitakuwa nimewaaibisha wote. Nisipomwambia, wanawake zaidi ya arobaini watavua mabuibui kwa sababu ya neno langu, na kuna mwanamume atawakuza shingo zao mmoja mmoja kwenye kioo. Kumwacha Munira naogopa pia, kwa siku kumi na sita nitampata nani, na huyo nitakayempata nitajuaje nyuma yake yuko nani.

Jumamosi nilikutana na Khulud dukani Ubungo, akaniambia kwa furaha kwamba picha zake bado hazijawa tayari, anazisubiri kwa hamu.

Naomba uniambie nifanye nini, nimwambie mama au ninyamaze, na kama ni kumwambia nianze na neno gani.

Wako mwenye hofu,
Nunu, Temeke.

MAMA BERNADETA ANAJIBU

Marahaba, Nunu. Barua yako imeruka foleni ya wenzake kwa ajili ya siku zako, ambazo leo zimebaki kumi na moja, kwa hiyo sitazungusha maneno.

Kwanza nikiri kwamba mimi ni Mkristo niliyekulia Songea, na kwetu harusi isiyo na video watu wanaulizana kama ilifungwa kweli. Hivyo nilimwomba jirani yangu, mama wa watu wa pwani aliyewahi kuvisha hina maharusi wengi kuliko atakavyokumbuka, anisomee barua yako kwa macho yake. Alipofika kwenye shingo ya Khulud aliweka karatasi chini, kisha akasema, "Huyu binti alipoondoka pale alikwenda wapi?" Nitalirudia swali lake mwishoni.

Pole sana. Na sikwambii pole ya mdomoni. Umechagua mpigapicha kwa akili kuliko wengi wanaochagua kwa kuangalia droni na mabango. Yule wa Kinondoni ulimkataa kwa sababu sahihi kabisa. Munira ulimkubali kwa sababu nzuri pia. Kosa lako ni moja, na linashangaza kwa mtu wa kazi yako. Kila siku ukitoa faili unauliza linakwenda kwa nani. Hapa umeandika vipengele kumi na moja juu ya nani anaingia na kamera, na hukuuliza hata mara moja kamera ikitoka pale inakwenda kwa nani. Uliwazia mlango wa ukumbi tu, kama mama yako na kapu lake. Picha siku hizi hazitokei mlangoni.

Sasa tuwaweke watu mahali pao. Ismail si mwizi, wala usimfanye mwizi. Amejibu ulichomuuliza bila kuficha, na inawezekana kweli anaona rangi tu. Lakini wale wanawake hawakuvua mabuibui kwa makubaliano kwamba atakayewatazama ataona rangi. Walivua kwa sababu waliambiwa mwanamume hayupo. Munira yeye ni mwerevu kupita kiasi. "Hawajauliza" ni jibu la mtu anayejua vizuri sana wangesema nini kama wangeuliza. Na mchumba wako anayesema bora mmoja kuliko wote, muulize kwa upole, kama miongoni mwa wale arobaini yupo mama yake, huyo mmoja bado ni mmoja tu?

Kuhusu wewe, usijidanganye kwamba unaogopa kuvuruga watu. Unaogopa kusikia mama akisema "nilijua". Atasema. Kaa umsikilize, aseme, amalize. Hakuna binti aliyekufa kwa neno hilo, na mimi nimeambiwa mara nyingi.

Mwambie mama leo, na usisubiri kwanza upate suluhisho la kumfunika nalo, kwa sababu kila simu anayopiga inaongeza mtu mmoja aliyeahidiwa kitu ambacho wewe unajua si kweli. Umeniuliza uanze na neno gani. Anza hivi: "Mama, mpigapicha ni mwanamke, lakini anayezirekebisha picha ni mume wake, na mimi sikuuliza." Ishia hapo. Usianze na bibi, usianze na machozi, usianze na vipengele kumi na moja. Bibi utamleta baadaye, mama akishapumua.

Halafu nenda kwa Munira kwa miguu yako, simu umeshaona anavyoijua. Mwambie unataka picha zisizorekebishwa. Apige, na sherehe ikiisha kadi ya kamera itoke pale pale mbele yako na ya mama yako, iingie kwenye kapu la ukili, na aondoke nayo mama. Kadi inunueni nyinyi wenyewe, mpya, na kamera yake iwe haina kadi nyingine ndani, fungua uone. Picha zitakuwa na vivuli, na jasho, na kidoa shingoni. Mbele huko ukimpata dada au binamu anayejua kompyuta, akae nazo nyumbani kwenu. Usipompata, ziache zilivyo. Leo ukiletewa picha moja tu ya bibi yako akicheza, nusu ya uso imeingia gizani, ungeirudisha ikarekebishwe?

Munira akikubali, mama awapigie tena wale wanawake awaeleze utaratibu wote, anayetaka kupigwa apigwe, asiyetaka akae upande mmoja wa ukumbi ambao kamera haigeukii. Akikataa, au mama akikataa, basi kapu lirudi mlangoni na hina yako iende bila picha. Utalia. Hilo ni la kulilia kweli. Lakini mama yako unaweza kumpiga picha kesho sebuleni kwenu, amejitanda khanga, anacheka na wewe, na hakuna kipengele kitakachovunjika. Miezi mitatu umemshawishi juu ya siku moja ya sherehe, na sijaona mahali uliposema umewahi kumpiga picha siku ya kawaida.

Wasomaji wengine mnaotafuta wapigapicha, wa dini yoyote, chukueni hili: sampuli nzuri ni nusu ya habari. Ulizeni nani atakaa na picha zenu zikitoka kwenye kamera, zitakaa kwenye mashine ya nani, na zitafutwa lini. Anayekasirikia swali hilo amewajibu.

Sasa, Nunu, swali la jirani yangu. Ulipotoka pale ulikwenda wapi? Ulikwenda nyumbani. Kesho yake ukampigia Munira, kisha ukamweleza Muntasir, kisha ukaniandikia mimi barua ndefu yenye mama, mashangazi, bibi na hofu zako zote, na Khulud ukampa mstari mmoja mwishoni, kama mtu uliyepishana naye njiani. Harusi yako haijafika. Hakuna mtu wako hata mmoja aliyeonwa. Mtu pekee ambaye limeshamtokea ni yeye, na wanawake waliokaa nyuma yake, na picha zao ziko kwenye ile kompyuta asubuhi hii unaposoma. Wewe una siku kumi na moja za kujiokoa. Yeye anasubiri kwa hamu.

Usinipe sababu kwamba utamharibia furaha. Huna haki ya kumwamulia. Pengine atasema haidhuru. Pengine atakwenda kuzichukua zote siku hiyo hiyo akasimama pale mpaka zifutwe. Pengine atakukasirikia wewe, kwa sababu uliona ukaondoka. Yote matatu ni yake kuchagua, na hawezi kuchagua asichokijua. Nenda kwake kabla hujazungumza na mama yako na kabla hujakwenda kwa Munira. Nenda peke yako, usimtumie ujumbe. Mwambie ulichokiona, na nani alikuwa amekaa, na kwamba Jumamosi dukani ulijua ukanyamaza.

Uliniomba nibadilishe majina na mitaa, nimebadilisha yote, na vitu vingine vidogo pia, kwa namna ambayo hata mwenyewe hawezi kujitambua. Kwa hiyo yule unayejua wewe anaweza kuusoma ukurasa huu leo akinywa chai, akamwonea huruma bibi harusi fulani asiyemjua. Usimwache hivyo mpaka jioni.